Mwenzako Anapoandamwa kwa Ajili ya Imani

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Wanafunzi waliokuwa kwenye maombi ya asubuhi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Watu 148 waliuawa siku ile. Si kila Mkristo anayepingwa anakabiliwa na bunduki. Wengi wanakabiliwa na baba aliyewafungia mlango, au mwajiri anayewanyima kazi. Maswali kuhusu namna ya kuwasaidia hayatofautiani sana.

Nimesikia mwenzangu yuko matatani. Nianzie wapi?

Mpigie simu, umsikilize. Mmoja atataka nauli aondoke usiku huohuo. Mwingine hataki kuondoka, anataka tu mtu wa kukaa naye nyumbani usiku. Baada ya abiria 28 wa basi kuuawa karibu na Mandera Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji waliomba kuhamishwa kutoka kaskazini mashariki. Mtu anayetaka kuondoka kama wao, usimwambie imani yake ni haba. Paulo mwenyewe aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu, akatoroka.

Na kama kuna aliyeuawa, mazishi yakishapita?

Hapo ndipo tunapowaacha watu. Wiki ya kwanza nyumba hujaa wageni na sufuria za chai. Mwezi wa tatu mjane yuko peke yake na barua ya ada kutoka shuleni. Jumuiya igawane kazi mapema: nyumba hii ibebe kodi, ile ibebe ada ya mtoto mmoja, na fedha ziandikwe daftarini mbele ya watu wawili. Tarehe ya tukio nayo iandikwe, ili mwaka ukigeuka apigiwe simu kabla hajapiga yeye.

Tena, aliyenusurika asisimamishwe madhabahuni kila Jumapili atoe ushuhuda. Kuna anayeshtuka hadi leo mlango ukibamizwa. Kumsimulisha upya kila wiki ni kumtonesha kidonda, hata kama waumini wanabubujikwa na machozi ya baraka. Akitaka kusema, atasema. Anahitaji pia mshauri aliyesomea kazi hiyo, na maombi hayapungui kwa sababu amekwenda kwake.

Niweke picha yake mtandaoni ili aombewe?

Usiweke bila yeye kukubali. Picha ya ubatizo yenye jina la kijiji inaweza kuwafikia ndugu zake kabla ya jioni. Hata katika kundi la maombi la WhatsApp, "dada yetu mmoja" yatosha.

Kijana amefukuzwa kwao kwa kubatizwa. Tufanyeje?

Apate chakula na pa kulala, lakini asikatwe na kwao. Mama yake bado ni mama yake. Dini ya wazazi wake isidharauliwe mbele yake, na atafutwe mjomba au shangazi ambaye bado anazungumza naye. Akiwa chini ya miaka 18, msimfiche: mwoneni afisa wa watoto, la sivyo kesi itawageukia ninyi.

Sheria inamlinda anayeandamwa?

Ndiyo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya dini yake. Nchini Tanzania, uhuru wa kuabudu umo katika ibara ya 19. Andika tarehe, maneno yaliyotamkwa na mashahidi. Ukitishwa, ripoti polisi. Kenya, usiondoke bila namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako katika daftari la matukio la polisi.

Majirani zetu Waislamu tuwatazameje?

Kama majirani. Makanisa mawili ya Garissa yaliposhambuliwa tarehe 1 Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walijitolea kuyalinda. Desemba 2015, Al-Shabaab waliposimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, abiria Waislamu waliwapa Wakristo mavazi ya kujifunika, wakakataa kutenganishwa nao. Mmoja wa Waislamu hao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata. Mimi siwezi kuombea Wakristo wa kaskazini mashariki bila kumkumbuka.

Kwa hiyo ukienda kuwaona wenzako huko, mwulize mchungaji ni jirani gani aliyewasitiri, nawe umpitie kabla hujapanda basi la kurudi.