Kupika Nyama kwa Moshi na Moto Mdogo: Somo la Mwanzo

Watu wengi wa Kenya wanazijua njia tatu za kupika nyama, nazo ni kuichemsha, kuikaanga na kuichoma juu ya makaa. Iko njia ya nne, ambayo ni kuipika kwa moshi na moto mdogo kwa muda wa saa nyingi. Njia hii hufaa hasa kwa vipande vigumu, ambavyo wenye bucha huviuza kwa bei nafuu, na ambavyo vikichomwa upesi huwa kama ngozi ya kiatu. Kidari cha ng'ombe aliyekomaa, kikipikwa kwa njia hii, hulainika hata mzee asiye na meno akaweza kukila. Lakini kikipikwa na mtu mwenye haraka, fedha za jamaa huwa zimepotea bure; na kikipikwa na mtu asiyejali usafi, wageni hurudi kwao na maumivu ya tumbo. Kwa hiyo yafaa mambo ya kwanza ya kazi hii yajulikane barabara kabla ya moto kuwashwa.

Asili ya upishi huu

Upishi wa namna hii ulipata sifa kubwa katika nchi ya Marekani, upande wa kusini. Waspania waliofika visiwa vya Karibi katika karne ya 16 waliwakuta wenyeji wakiweka nyama na samaki juu ya vichanja vya miti, na moto chini yake. Baadaye, katika mashamba ya kusini ya Marekani, Waafrika waliokuwa watumwa ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupika nyama juu ya mashimo ya moto, nao wakawa mabingwa wa upishi huo. Katika jimbo la Texas, wauza nyama waliotoka Ujerumani na nchi ya Wacheki katika karne ya 19 waliongeza desturi yao ya kutia nyama moshi.

Wala moshi si kitu kigeni katika Kenya. Wakalenjin na Wamasai tangu zamani husafisha vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya miti maalum, ili maziwa yapate harufu nzuri. Kandokando ya Ziwa Victoria samaki hukaushwa kwa moshi na kupelekwa sokoni.

Mambo mawili yasiyopasa kuchanganywa

Kosa la kwanza la anayeanza ni kudhani kwamba kila nyama iliyopita katika moshi inaweza kuwekwa siku nyingi bila kuoza. Sivyo. Kukausha kwa moshi ni kuondoa maji katika nyama au samaki, ambaye kwanza amepasuliwa na mara nyingi kutiwa chumvi, mpaka awe mkavu kabisa. Kinachozuia kuoza hapo ni chumvi na ukavu, moshi ukisaidia. Kupika kwa moshi ni jambo jingine. Nyama hubaki na maji yake, na kwa sababu hiyo huoza kama nyama yoyote iliyopikwa. Nyama hiyo huliwa siku ile ile, na inayosalia huwekwa katika friji kabla saa mbili hazijapita, ikaliwa katika muda wa siku tatu au nne.

Jambo jingine ni hili: moshi hauponyi nyama mbaya. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiliwe kamwe, hata ikikaa katika moshi usiku na mchana. Vijidudu vya ugonjwa wa kimeta hujifunika kwa ganda gumu linalostahimili joto kali, na watu wamekufa kwa kupasua na kula mizoga ya namna hiyo. Nyama inunuliwe penye muhuri wa mkaguzi.

Kwa nini moto uwe mdogo

Kipande kigumu cha nyama ni kigumu kwa sababu mnyama alikitumia kwa kazi. Kidari na bega hubeba uzito wa ng'ombe siku zote, nazo zimejaa nyuzi na utando mweupe. Moto mkali huzikaza nyuzi hizo na kuyakamua maji yake. Lakini joto la polepole, likikaa saa nyingi, huuyeyusha utando ule ukawa ute mzito. Mtu aliyepata kuchemsha miguu ya ng'ombe ameuona ute huo, kwa maana supu yake ikipoa huganda. Ute huo huo, ukiwa ndani ya nyama, ndio unaoifanya iwe laini na yenye kuteleza kinywani. Badiliko hili halihimizwi kwa kuongeza kuni.

Joto linalotakiwa ndani ya chombo ni kati ya digrii 107 na 121 za Sentigredi. Kipimajoto cha jikoni ni msaada mkubwa. Asiyekuwa nacho na aweke bakuli la maji ndani ya chombo. Maji hayo yatoe mvuke, lakini yasichemke kwa nguvu.

Chombo

Pipa la chuma la lita 200 latosha. Hulazwa ubavu juu ya miguu ya chuma, likakatwa kwa urefu ili nusu ya juu iwe kifuniko chenye bawaba. Ndani yake huwekwa wavu wa chuma. Tundu moja la hewa hutobolewa chini, upande wa moto, na bomba fupi la kutolea moshi huwekwa juu, upande wa pili. Makaa hukaa upande mmoja na nyama upande mwingine, ili ndimi za moto zisiiguse. Tundu la chini liwe na kibati cha kulifungua na kulifunga, kwa kuwa hilo ndilo linalotawala moto. Bomba la juu huachwa wazi daima.

Katika kuchagua pipa, uangalifu mkubwa unatakiwa. Pipa lililokuwa na dawa ya wadudu au kemikali za kiwanda lisitumiwe hata kidogo. Pipa lililokuwa na petroli laweza kulipuka likikatwa kwa moto, hata kama laonekana tupu, na fundi amekwisha kufa kwa ajali ya namna hiyo zaidi ya mara moja duniani. Lililo bora ni lile lililokuwa na chakula, kama mafuta ya kupikia. Kwanza liwashiwe moto mkubwa mtupu mpaka rangi yote ya ndani iungue, kisha lisuguliwe. Tena kazi yote ifanywe nje ya nyumba, kwa kuwa makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliofunga milango.

Kuni na moshi

Makaa ndiyo hutoa joto, na vipande vichache vya kuni vyenye ukubwa wa ngumi hutoa moshi. Kuni ziwe kavu kabisa. Miti ya matunda hufaa sana, kama mwembe, mpera na mparachichi. Na matawi ya mkahawa yaliyopogolewa, yakikauka, hutoa moshi mtamu. Mgunga pia ni mzuri, ila moshi wake una nguvu, basi utumiwe kidogo. Miti yenye utomvu wa ulimbo, kama msonobari, huitia nyama uchungu. Mnyaa una utomvu wenye sumu, usikaribishwe motoni. Vivyo hivyo mbao zilizopakwa rangi na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa.

Anayeanza hufurahi akiona moshi mwingi mweupe, akidhani kazi inakwenda vema. Kumbe moshi mzito namna hiyo ni dalili ya moto unaokosa hewa, nao huacha masizi na uchungu juu ya nyama. Moshi mzuri ni mwembamba, wenye rangi ya buluu kidogo, hata mtu akiwa mbali hauoni ila harufu yake humfikia. Moshi ukiwa mzito, tundu la hewa lifunguliwe zaidi.

Kazi ya siku moja

Chukua mfano wa kidari cha kilo 4. Mafuta ya juu yapunguzwe mpaka yabaki unene wa nusu sentimeta. Chumvi iwe gramu 15 kwa kila kilo, yaani gramu 60 kwa kipande chote, ambazo ni kama vijiko vikubwa vitatu. Iongezwe pilipili manga iliyopondwa. Penye friji, nyama hutiwa chumvi jioni ikalala humo. Pasipo na friji, hutiwa chumvi alfajiri, muda mfupi kabla ya kupikwa, wala isilazwe nje usiku.

Moto uwashwe saa 11 alfajiri. Saa 12, joto likiwa limetulia, nyama iwekwe juu ya wavu, upande wake mnene ukielekea makaa. Tangu hapo kifuniko kisifunguliwe ovyo, kwa kuwa kila kikifunguliwa joto hutoroka na muda wa kupika huongezeka. Makaa machache yaliyokwisha kushika moto huongezwa joto linapoanza kushuka. Vipande vya kuni hutiwa katika saa tatu au nne za kwanza, kisha huachwa.

Yapata saa sita mchana, joto la ndani ya nyama hufika digrii 65 au 70, likasimama hapo saa mbili au zaidi bila kupanda. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, maana hudhani moto umepungua wakaongeza makaa mengi. Moto haukupungua. Nyama inatoka jasho, na jasho lile likikauka huipoza, kama vile maji ya mtungi yanavyokuwa baridi kwa sababu mtungi unavuja unyevu. Dawa yake ni subira. Anayetaka kufupisha muda aweza kuifunga nyama kwa karatasi ya foili, au kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, akairudisha.

Vitabu vingi vya upishi husema nyama iko tayari ikifika digrii 93 mpaka 96 ndani yake. Watu wa Mombasa waweza kufuata hesabu hiyo. Lakini Nairobi iko karibu meta 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Eldoret ni chini zaidi ya hapo. Mpishi wa nyanda za juu akingoja digrii 96 atangoja mpaka nyama ikauke. Kipimo cha hakika mahali pote ni mshikaki mwembamba. Ukiingia na kutoka katika sehemu nene bila kushikwa, kama unaoingia katika samli iliyoganda, nyama imeiva. Kwa kipande hiki, hilo huwa saa 10 au 11 jioni.

Kisha nyama ifungwe ndani ya kitambaa safi na kupumzishwa saa moja, ili maji yake yatulie. Ikatwe kwa kukingama nyuzi zake, si kwa kuzifuata, na kila kipande kiwe na unene wa penseli. Mara nyingi chini ya ganda jeusi huonekana ukingo mwekundu. Wageni wasiozoea huikataa wakidhani ni mbichi. Wekundu huo hutokana na hewa za moto zilizoshikana na rangi ya nyama, wala si ubichi. Lakini kwa kuku mpishi asitegemee macho: sharti afike digrii 74 ndani, karibu na mfupa. Na nyama ya nguruwe iive kabisa, ili vifuko vya tegu vife.

Kiasi na maangalizi

Mikono na ubao uliokatiwa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa iliyoiva. Tena ijulikane kwamba katika moshi wowote zimo kemikali ambazo wataalamu wa afya wameona kwamba zaweza kuleta saratani zikiingia mwilini kwa wingi. Hizo huzidi mafuta yanapodondoka juu ya ndimi za moto, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka nyama kando ya makaa. Chakula hiki ni cha sikukuu na cha wageni, si cha kila siku.

Kwa jaribio la kwanza, ni busara kuanza na kipande kidogo, kama kilo mbili za bega, siku isiyo na wageni. Mpishi aandike katika daftari saa aliyoanza, kuni alizotumia, na saa nyama ilipoiva. Baada ya mara tatu au nne, daftari hilo litamfundisha tabia ya pipa lake mwenyewe. Ndipo atakapoweza kuwaita jirani zake bila wasiwasi, akijua kwamba kidari kile cha bei nafuu kitawashibisha wote, na kwamba hakuna atakayeugua kesho yake.