Kuacha sehemu ya mali yako kwa jamii ya Wayahudi: mwongozo kwa msomaji wa Kakamega

Mtu wa Kakamega akiamua kuacha kitu kwa jamii ya Wayahudi, wazo la kwanza huwa ni shamba, kwa sababu ndiyo mali ambayo wengi wetu tunayo. Na hapo ndipo wengi hukwama. Ushauri wangu, ambao nitaueleza hatua kwa hatua, ni huu: acha fedha, au agiza shamba liuzwe kisha fedha zake zipelekwe. Usiache ardhi yenyewe mpaka uhakikishe kwamba anayepokea anaruhusiwa na sheria kuimiliki.

Swali la kwanza: Wayahudi gani? Walio karibu nasi zaidi ni Abayudaya wa Mbale, Uganda. Ukitoka Kakamega asubuhi kupitia Webuye, Bungoma na Malaba, mchana uko huko, na kwa Mkenya kitambulisho cha taifa kinatosha mpakani. Jamii hiyo ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, aliyekuwa kiongozi wa kijeshi chini ya Waingereza kabla ya kukosana nao. Miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wengi wakaiacha, wakabaki watu mia chache tu. Leo wanakadiriwa kuwa kama 2,000. Kitovu chao ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, ambako sinagogi kubwa, yaani nyumba yao ya ibada, lilifunguliwa mwaka 2016. Wana Shule ya Msingi ya Hadassah na shule ya upili yenye jina la Kakungulu, na humo husoma pia watoto wa Kikristo na Kiislamu. Rabi wao, yaani mwalimu na kiongozi wa dini, Gershom Sizomu, alipata daraja hiyo mwaka 2008 baada ya masomo Los Angeles.

Huku Kenya kuna Nairobi Hebrew Congregation, ambayo sinagogi lake liko penye makutano ya University Way na Uhuru Highway. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1913. Kuna pia jamii ndogo ya Kasuku, Nyandarua, ya wakulima Wakenya. (Msomaji wa historia atakumbuka kwamba mwaka 1903 Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya nyanda za Uasin Gishu, jirani zetu wa mashariki. Mkutano wao mkuu ulikataa mwaka 1905. Kama wangekubali, makala hii ingekuwa tofauti sana.)

Basi ukishachagua, fanya jambo ambalo watu wengi huliruka: uliza kama jamii hiyo ipo kisheria. Kundi la waumini lisilosajiliwa haliwezi kupokea urithi kwa jina lake, hata kama kila mtu analijua. Omba uone cheti cha usajili na uandike jina kamili kama lilivyo kwenye cheti hicho, si kama watu wanavyoliita. Hapa Kenya jamii ya dini huweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, au ikawa na wadhamini waliosajiliwa, yaani watu wanaoshika mali kwa niaba ya wengine, ambao wakifa au wakiondoka mali inabaki kwa chombo kilekile. Mashirika ya hisani, yaliyokuwa yakiitwa NGO, sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Kwa Mbale utaomba cheti cha Uganda. Njia nyingine ni kupitia shirika la nje linalowasaidia tayari, kama Kulanu la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1994 kusaidia jamii za Kiyahudi zilizo mbali na wenzao.

Je, ni lazima usubiri kufa? Hapana. Mkulima wa miwa hulipwa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na anaweza kutenga sehemu ya kila mavuno. Mwalimu anaweza kuagiza benki ikate kiasi fulani kila mwezi. Ukitaka zawadi idumu, fikiria mtaji usioguswa: fedha zinawekwa kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, na jamii inatumia riba tu. Benki Kuu ya Kenya inauza hatifungani kuanzia Sh50,000. Karo ya mtoto mmoja Hadassah inayotoka kwenye riba kila mwaka ina faida kuliko ng'ombe anayeletwa siku moja akachinjwa.

Sasa tuje kwenye wosia, yaani maandishi yanayosema mali yako iende wapi ukifa. Sheria yake ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Anayeandika awe mtu mzima mwenye akili timamu. Atie sahihi au alama ya kidole mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi zao mbele yake. Hakuna ada ya serikali ya kuandika wosia, na karatasi ya kawaida inatosha. Wakili atakutoza, na bei hutofautiana sana, kwa hiyo uliza kabla ya kuketi, na uliza wawili. Mimi ningemlipa wakili kama kuna shamba ndani yake. Kama ni akiba tu, unaweza kuandika mwenyewe kwa uangalifu.

Kuna mambo ambayo huharibu wosia bila mtu kujua. Anayepewa kitu asiwe shahidi, wala mume au mke wake, maana zawadi yake itabatilika, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Kwa hiyo usimwite rabi, wala mchungaji, wala mweka hazina wa jamii kutia sahihi. Tena, ukioa au kuolewa baada ya kuandika, wosia wa zamani hufutika, isipokuwa ulitaja ndoa hiyo humo. Na wosia wa mdomo, ule wa mzee anayeita watu kitandani, una nguvu tu kama walikuwepo mashahidi wawili au zaidi na mzee akafariki ndani ya miezi 3. Akipona akaishi mwaka mzima, maneno yale si kitu mbele ya mahakama.

Utahitaji pia wasii, yaani mtu unayemteua kutekeleza wosia. Mteue mmoja na mwingine wa akiba. Chagua mtu anayejua kusoma, asiyeogopa ofisi, na aliye na umri mdogo kuliko wako.

Je, watoto na mke wataachwaje? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Kenya mtu yuko huru kutoa mali yake kwa wosia, lakini kifungu cha 26 kinawaruhusu wategemezi kwenda mahakamani kama hawakuachiwa cha kutosha. Wategemezi ni mume, mke au wake, na watoto, hata kama ulikuwa huwalishi, na wazazi au ndugu ambao ulikuwa unawatunza kabla ya kufa. Wosia unaotoa kila kitu kwa sinagogi na kuacha boma tupu utapingwa, na huenda ukapunguzwa. Mafundisho ya Wayahudi wenyewe yako upande wa watoto hapa. Wahenga wao waliona sehemu ya kumi ni kiasi cha kati cha kutoa, wakaweka sehemu ya tano kuwa mpaka wa mtu akiwa hai, na hawakufurahishwa na mtu anayewaruka wanawe na kuwapa watu wengine. Kwa hiyo sehemu ya kumi, baada ya madeni na gharama za mazishi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Keti na familia uwaambie mapema. Kesi nyingi za mirathi huanza kwa mshangao.

Turudi kwenye shamba. Katiba, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99, na shirika huhesabiwa kuwa raia pale tu linapomilikiwa lote na raia, na mali iliyoshikwa na wadhamini pale tu ambapo wenye manufaa wote ni raia. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi nayo, Sura ya 302, inazuia shamba la kilimo kwenda kwa asiye raia. Kwa hiyo ekari yako ya Shinyalu haiwezi kuandikwa kwa jina la jamii ya Mbale. Hata kwa jamii ya Wakenya, ukitoa robo ya shamba, kugawanya kunahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ile tunayoiita land board, inayokutana kwenye ofisi ya kaunti ndogo. Ukitoa shamba lote kwa wosia bila kuligawanya, kibali hicho hakihitajiki. Na kama ni boma mnamoishi, mwenzi wako lazima akubali ukitoa ukiwa hai.

Kuna jambo la kwetu ambalo wakili wa Nairobi hatalifikiria: makaburi. Sisi huzika nyumbani. Shamba lenye kaburi la babu ni gumu kuuza na familia haitakubali kirahisi. Chagua kipande kisicho na boma wala kaburi. Kisha andika kwa uwazi, kwa mfano hivi:

"Naagiza wasii wangu auze shamba langu nambari Butsotso/Shikoti/____, na baada ya kulipa madeni na gharama, sehemu moja ya kumi ya fedha hizo aipeleke kwa (jina kamili la jamii kama lilivyo kwenye cheti, na nchi), itumike kulipia karo za watoto. Ikiwa jamii hiyo haipo tena, fedha ziende kwa (jina la pili)."

Sentensi ya mwisho usiiache. Vyombo hufa kama watu.

Baada ya kifo nini hufuata? Wasii hupeleka wosia na cheti cha kifo mahakamani. Kwa mali isiyozidi Sh20 milioni, hakimu mkuu anaweza kusikiliza. Kubwa zaidi huenda Mahakama Kuu mjini Kakamega. Mahakama za Mumias, Butere na Butali ziko karibu kwa walio huko, kila moja kulingana na cheo cha hakimu wake. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi na watu hupewa siku 30 za kupinga. Mahakama ikishatoa hati ya kumruhusu wasii kutekeleza wosia, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla ya hati hiyo kuthibitishwa na mali kugawanywa. Ada za mahakama hulipwa kwa eCitizen, na Huduma Centre ya Kakamega watakusaidia kama huna simu ya intaneti. Wasii asikawie kuuza: sheria ya kodi inasamehe kodi ya faida kwenye mauzo ya mali ya marehemu yakikamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo.

Ukitoa ardhi ukiwa hai, kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ndani ya manispaa na 2 mashambani. Zawadi kwa shirika la hisani huweza kusamehewa, lakini msamaha lazima uombwe na uthibitishwe. Na ukitoa fedha kwa shirika lililo na cheti cha msamaha cha KRA, unaweza kupunguza mapato yanayotozwa kodi, mradi una risiti.

Ukimaliza kuandika, weka nakala halisi kwa wakili au benki, si chini ya godoro. Mwambie wasii ilipo. Iandikie jamii uliyoichagua kwamba umeiweka kwenye wosia, uwape namba ya simu ya wasii, ili siku ikifika wajue wa kumtafuta.