SOMO LA KIKUNDI: Utitiri wa Nyuki – Hesabuni Kwanza, Dawa Msiikimbilie

Ukifungua mzinga leo ukakuta nyuki ana kidude chekundu mgongoni, utafanya nini? Wengi watasema, "Twende duka la dawa za mifugo." Ngojeni kidogo. Somo hili litawasaidia kumjua mdudu huyu, kumhesabu bila kutumia pesa nyingi, na kuamua kama mna shida au hamna. Msomeeni pamoja mkutanoni, kisha mjadili maswali yaliyo mwisho.

1. HUYU NI MDUDU GANI?

Anaitwa varoa. Ni jamaa ya kupe na utitiri wa kuku. Ana miguu minane, rangi ya kahawia-nyekundu, na umbo kama kaa: upana wake unazidi urefu. Upana ni kama milimita moja na nusu, kwa hivyo unaweza kumwona kwa macho. Kwako ni mdogo, lakini kwa nyuki ni mzigo. Ni kama mtu atembee siku nzima na kupe mwenye ukubwa wa sahani.

Msimchanganye na chawa wa nyuki. Chawa naye ni mwekundu, ila ana miguu sita na mwili wa mviringo, na hupenda kumpanda malkia. Yeye huiba chakula mdomoni mwa nyuki, wala hali mwili wake. Chawa si wa kuwanyima usingizi.

Varoa alitoka bara la Asia, ambako aliishi na nyuki wa huko. Baadaye aliwaingia nyuki wa aina yetu, akasambaa duniani. Afrika Kusini alionekana mwaka 1997. Hapa Kenya alitambuliwa mwaka 2009. Mwaka uliofuata, 2010, watafiti walipima mizinga sehemu nyingi za nchi, wakamkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Kwa hivyo mkimwona kwenu, msilaumiane ati nani amemleta.

2. ANAFANYA KAZI GANI MBAYA?

Varoa jike huingia katika tundu la sega lenye mtoto wa nyuki, muda mfupi kabla nyuki hawajaliziba kwa nta. Tundu likizibwa, yeye hubaki ndani na kutaga mayai. Yeye na watoto wake wanamla yule mtoto wa nyuki. Nyuki akizaliwa, varoa nao wanatoka pamoja naye.

Hupenda zaidi matundu ya madume, kwa sababu dume hukaa ndani muda mrefu: siku 24 tangu yai hadi kutoka.

Mbali na kumdhoofisha nyuki, varoa hupitisha virusi. Mkiona nyuki wachanga wenye mabawa yaliyojikunja kama karatasi iliyoungua, wakitambaa chini mbele ya mzinga bila kuruka, hiyo ni dalili ya virusi hivyo.

3. KWA NINI NYUKI WETU HAWAFI KAMA WA ULAYA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ulaya na Marekani, mzinga usiotibiwa mara nyingi hufa kwa miaka michache tu. Kwetu sivyo. Ule utafiti wa 2010 haukuona kwamba mizinga yenye varoa wengi ilikuwa na nyuki wachache kuliko mingine. Sababu ni hizi:

(a) Nyuki wetu hujisafisha. Hushika varoa na kumtupa, na hutoa matundu ya watoto walio wagonjwa.

(b) Mtoto wa nyuki wetu mfanyakazi hutoka baada ya siku 19 au 20, wa Ulaya hukaa 21. Siku moja kwako ni kitu kidogo, lakini kwa varoa ni mtoto mmoja asiyekomaa.

(c) Nyuki wetu hugawanyika na kuhama mara kwa mara. Wakihama, wanaacha masega yenye varoa nyuma.

Huko Afrika Kusini, wafugaji wengi waliamua kutotia dawa. Mizinga mingine ilikufa miaka ya kwanza, lakini iliyobaki ilizaa nyuki wanaoweza kuishi na varoa. Ukitibu kila mzinga kwa dawa, unawahifadhi nyuki wasiojiweza pamoja na wale hodari.

4. JINSI YA KUHESABU

Vifaa: chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, kipande cha wavu wa matundu ya milimita 3, sukari iliyotwangwa ikawa kama unga, iwe kavu kabisa, sahani nyeupe, maji kidogo. Wavu wa kuzuia mbu haufai, matundu yake ni madogo, varoa hatapita.

Tahadhari: nyuki wetu ni wakali, mnajua. Fanyeni kazi hii jioni, mmevaa mavazi kamili na mna moshi wa kutosha. Ng'ombe na mbuzi waliofungwa karibu wafunguliwe mapema, watoto wakae mbali.

Hatua ya 1. Toa sega lenye watoto wa nyuki. Hakikisha malkia hayuko juu yake.

Hatua ya 2. Kung'uta nyuki wa kujaza nusu kikombe. Hao ni kama 300. Watie katika chupa, ufunike kwa wavu. Funga mzinga.

Hatua ya 3. Pitisha vijiko viwili vya sukari kwenye wavu. Zungusha chupa polepole mpaka nyuki wawe weupe. Ngoja dakika mbili.

Hatua ya 4. Pindua chupa na utikise kwa nguvu juu ya sahani kwa dakika moja. Sukari na varoa wataanguka, nyuki watabaki.

Hatua ya 5. Nyunyiza maji katika sahani. Sukari itayeyuka, varoa wataonekana. Hesabu.

Hatua ya 6. Warudishe nyuki mzingani. Hawafi; wenzao watawalamba sukari.

Mfano: mmepata varoa 9 kwa nyuki 300. Gawa 9 kwa 300, zidisha kwa 100. Jibu ni 3 kwa kila nyuki 100. Huko Ulaya na Marekani wafugaji wengi wangetia dawa hapo. Nyinyi msiige. Andikeni katika daftari: tarehe, namba ya mzinga, idadi ya varoa, na masega mangapi yamefunikwa na nyuki. Rudieni baada ya miezi mitatu. Kama varoa wamepanda lakini nyuki wamejaa na asali ipo, mzinga huo ni mzima. Kama varoa wamepanda na nyuki wanapungua, hapo muuangalie kwa makini.

5. TUFANYE NINI BASI?

• Msivune yote. Nyuki mwenye njaa hawezi kupigana na adui. Vuneni masega ya asali iliyozibwa tu. Yaliyo karibu na watoto wa nyuki yaachwe.

• Msiguse watoto wa nyuki wakati wa kuvuna, wala msichome nyuki kwa moto. Aina hiyo ya uvunaji imemaliza nyuki wengi kuliko varoa.

• Ondoeni masega makuukuu meusi, machache kwa wakati, msimu wa maua.

• Mzinga unaodhoofika, kateni sega moja lenye madume yaliyozibwa, kabla hawajatoka. Mtakuwa mmetoa varoa wengi kwa mara moja. Wapeni kuku, watafurahi.

• Gawanyeni makundi yenye nguvu na yaliyo safi. Dhaifu msiyagawe. Tegeni makundi mapya ya porini.

• Msilete malkia wala nyuki kutoka nchi za nje. Mtaleta udhaifu na magonjwa.

• Mzinga ukihamwa, msiseme tu "ni varoa". Chunguzeni siafu, nondo wa nta, nyegere, ukame, na mikono yenu wenyewe.

6. ONYO KUHUSU DAWA

Mtu anaweza kuwaambia, "Varoa ni kama kupe, tieni dawa ya josho la ng'ombe." Kataeni kabisa. Dawa hiyo ilipimwa kwa ngozi ya ng'ombe, si kwa mzinga. Inaweza kuua nyuki, na inaingia katika nta, ikakaa humo muda mrefu. Kisha inafika kwenye asali ambayo mama anampa mtoto mwenye kikohozi. Mnunuzi akiipima akapata sumu, hatakataa debe moja; atakataa asali ya kikundi kizima, hata ya yule ambaye hakutia kitu.

Hata zile dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya nyuki huzoeleka. Katika miaka ya 1990, wafugaji wa Italia na Marekani walishangaa kuona dawa waliyoitegemea haiui varoa tena. Walikuwa wamenunua kila mwaka, na varoa wakaizoea. Kikundi chenye mizinga kumi hakiwezi kuingia katika deni la namna hiyo. Pesa hizo zinunue mavazi, bomba la moshi na ndoo safi za asali.

Mkiona mizinga mingi inakufa kwa pamoja, mwiteni afisa wa mifugo au wa nyuki kabla ya kujaribu chochote. Mwonyesheni daftari lenu. Atawasaidia haraka zaidi akikuta hesabu kuliko akikuta maneno.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwaka jana mizinga yetu mingapi ilihamwa? Tunajua sababu ya kila mmoja?

2. Tunapovuna, nani huamua masega ya kuacha? Tuweke sheria gani?

3. Nani atatunza daftari, na nani atatengeneza chupa ya kuhesabia?

4. Mwanachama akitia sumu katika mzinga wake, asali yake ichanganywe na ya wengine?

KAZI YA MWEZI HUU: Chagueni mizinga mitatu: mmoja wenye nguvu, mmoja wa kadiri, mmoja dhaifu. Hesabuni varoa katika yote mitatu, na mlete majibu mkutano ujao.