Njia ya Mibuyu ya Morondava

Mwezi huu twajifunza habari za miti. Katika nchi zetu twazijua njia zenye miti iliyopandwa kwa mkono wa mtu, kama miembe ya Ujiji kando ya njia ya zamani ya misafara. Iko njia nyingine, mashuhuri kuliko hiyo, ng'ambo ya bahari katika kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini.

Mtu akitoka mji wa Morondava, upande wa magharibi wa kisiwa, akaifuata barabara ya udongo iendayo kaskazini, atafika mahali ambapo mibuyu zaidi ya 20 imesimama huku na huku, mwendo wa mita 260 hivi. Si mibuyu kama yetu, yenye matawi mapana. Hii hunyoka kama nguzo hata kufikia mita 30, na matawi yake machache yako juu kabisa.

Je, ni nani aliyeipanda? Hakuna. Nalo ndilo jambo la kuangaliwa sana. Zamani mahali hapo palikuwa na msitu pande zote, na mibuyu ilikuwa ndani yake. Watu wakakata na kuchoma ili wapate mashamba. Mibuyu ikaachwa, maana mti wake ni laini, umejaa maji, haufai kwa mbao wala kwa kuni. Bali matunda yake huliwa, mbegu hutoa mafuta, na gome hutoa kamba. Tena wenyeji huuheshimu, nao huuita renala, yaani mama wa msitu. Basi uzuri ule wausifuo wageni ni mabaki tu: mama yupo, watoto hawapo.

Mwaka 2007 serikali ilipaweka mahali hapo chini ya ulinzi. Lakini amri haioteshi mbegu. Moto na mifugo huangamiza miche ingali midogo, na maji ya mashamba ya mpunga hudhuru mizizi ya miti mikubwa. Kwa hiyo watu wameanza kupanda miche kwa mikono, nayo hukua polepole mno.

Wageni hupenda kufika jua likichwa, magome yanapogeuka kuwa mekundu. Ni vema. Lakini aendaye huko na aipe miti kisogo kidogo, atazame mashambani, atafute mbuyu mchanga. Uliopandwa huenda akauona. Ulioota wenyewe ni adimu.