Mbona Hamkutuita?

Andiko la somo: Waamuzi 8:1-3 na 12:1-6

Juma hili nataka tujifunze jambo ambalo hatulihubiri sana madhabahuni: kujua kuishi na watu. Wengine husema hiyo ni tabia ya kuzaliwa, fulani amepewa maneno matamu na mwingine hakupewa, basi. Mimi naamini ni kitu cha kujifunza, na kitabu cha Waamuzi kimetuwekea darasa zuri.

Kabila moja, Efraimu, lilipeleka lalamiko lile lile kwa viongozi wawili, kwa nyakati tofauti. Lalamiko lenyewe tunalijua: mlienda vitani, mbona hamkutuita? Ukikaa katika kamati yoyote utalisikia. Harusi imepangwa, mama mmoja hakuambiwa kikao ni lini. Kwaya imealikwa Nakuru, ndugu fulani amejua siku ya safari. Familia imekaa kupanga mazishi, shemeji ameachwa nje ya kundi la WhatsApp. Nimeketi katika vikao vingi vya kupatanisha watu, na mara nyingi ukichimba chini ya maneno yote, unakuta hapo chini kuna neno moja tu: sikuambiwa.

Gideoni alijibu vipi?

Gideoni alikuwa na utetezi mzuri kabisa. Mungu mwenyewe ndiye aliyepunguza jeshi lake kutoka watu 32,000 hadi 300. Tena Efraimu hawakuachwa nje kabisa. Aliwatumia wajumbe wakashike vivuko, nao wakawakamata wakuu wawili wa Midiani, Orebu na Zeebu. Angeweza kuwaambia waache uongo, kwamba aliwaita. Hakusema hivyo. Aliwaambia kazi yao ni kubwa kuliko yake, na kwamba hata masazo ya zabibu zao yanashinda mavuno yote ya ukoo wake. Hasira ikaisha hapo hapo. Gideoni akaendelea kuwafuatia maadui, amechoka, lakini hana vita nyuma ya mgongo wake.

Na Yeftha je?

Usikimbie kumhukumu Yeftha. Alikuwa mtu aliyefukuzwa nyumbani na ndugu zake kwa sababu ya mama yake, na Efraimu walimjia wakitisha kumchomea nyumba akiwa ndani. Wakawatukana watu wake pia, kwamba ni watoro tu. Yeye akajibu kwamba aliwaita na hawakuja, kwamba alihatarisha maisha yake peke yake. Hatuna sababu ya kusema alidanganya. Lakini jibu lake halikuwa na mlango wa mtu kutokea. Wakapigana, na waliokimbia wakakamatwa kwenye vivuko vya Yordani kwa namna walivyotamka neno moja, Shibolethi. Waefraimu 42,000 walikufa.

Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa kivuko kile. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 zaidi ya watu 1,100 walikufa katika nchi yetu, na wako waliosakwa kwa sababu ya kabila lao tu.

Kinachonishangaza ni hiki. Yeftha alijua kuongea. Soma sura ya 11: alimtumia mfalme wa Amoni wajumbe mara mbili, akamweleza historia hatua kwa hatua. Adui alipata subira, ndugu hawakuipata. Si ndivyo tulivyo wengi wetu? Mteja dukani tunamwambia "karibu", mke nyumbani tunamfokea.

Na jambo lingine: Biblia inasema Roho wa Bwana alimjilia Gideoni (6:34), na alimjilia Yeftha pia (11:29). Wote wawili walikuwa na upako! Kwa hivyo tusidanganyane. Mtu anaweza kukesha katika maombi Ijumaa usiku na Jumapili aamshe vita jikoni kwa neno moja. Upole na kiasi ni tunda la Roho, na tunda halikomai kwa siku moja.

Tujifunze nini?

Kwanza, sikia kilicho chini ya lalamiko. Anayeuliza mbona hakuitwa, mara nyingi anauliza kama bado ni mmoja wenu. Ukimjibu kwa kumbukumbu za kikao, hujamjibu.

Pili, sifu kwa ukweli. Gideoni hakuwapaka mafuta. Orebu na Zeebu walikamatwa kweli, na ni Efraimu waliowakamata. Tafuta jema alilolifanya mwenzako, ulitaje mbele ya watu.

Tatu, jiulize unataka kushinda nini. Gideoni bado alikuwa na wafalme wa Midiani wa kufuatia. Kushinda mabishano na ndugu kungemchelewesha.

Lakini elewa vizuri: jibu la upole si kufunika uovu. Mwenye kupigwa nyumbani, au anayeona sadaka ikiibwa, asiambiwe anyamaze ili amani ikae. Huyo aende kwa wazee wa kanisa, na ikibidi kwa chifu au polisi. Gideoni alituliza wivu wa ndugu. Hakuficha dhambi ya mtu.

Zoezi la juma hili

Fikiria mtu mmoja aliyeachwa nje ya jambo fulani, kazini, nyumbani au hapa kanisani. Mpigie simu, usimtumie ujumbe. Msalimie, uliza watoto, kisha mwambie kazi yake moja unayoithamini. Usianze kujitetea.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ungekuwa Efraimu, ni jibu gani lingekutuliza?
2. Ni nani unayemvumilia nje, huku walio nyumbani ukiwanyima subira hiyo hiyo?
3. Katika idara yako, habari za vikao huwafikia watu vipi, na nani husahaulika?

Tuombe: Bwana, weka mlinzi mdomoni mwetu. Tupe jibu linalomrudisha ndugu, wala si linalomshinda tu. Katika jina la Yesu, amina.