Mwani Katika Tangi la Samaki Baada ya Kubadilisha Taa: Onyo Kuhusu Mrututu

Kijitabu hiki kimetolewa kufuatia malalamiko ya wafugaji wa samaki wa mapambo ambao, baada ya kung'oa taa za zamani za mirija na kufunga za LED, huona vioo vya tangi vikifunikwa na utando wa kijani, kisha hukimbilia mrututu, yaani salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu ambayo wakulima huitumia kukinga mazao dhidi ya ukungu. Mrututu usitiwe kamwe katika tangi lenye samaki, hata kwa ushauri wa muuzaji.

Shaba huharibu matamvua, yaani viungo vya kupumulia vya samaki, na huua konokono na kamba wa maji baridi hata ikiwa kidogo mno. Makali yake huzidi katika maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, kama ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati. Samaki akinusurika na shaba, bado mwani uliokufa kwa mkupuo huoza, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ya majini, hivyo alfajiri mwenye tangi huwakuta samaki wakielea juu wakitweta, midomo wazi. Wapo ambao, wakiona hivyo, huongeza dawa wakidhani ya kwanza haikutosha, na hapo ndipo samaki wote huangamia. Onyo linarudiwa kwa makusudi: mrututu usitiwe.

Mwani ni viumbe wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, lakini huhitaji pia naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vinavyotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Taa mpya ikiwa kali kuliko ya zamani, mimea ya tangini huchelewa kuizoea, na mwanga wa ziada hunufaisha mwani. Kwa hiyo taa iwashwe saa 6 kwa siku katika wiki za mwanzo, kisha muda uongezwe taratibu bila kuzidi saa 8, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika 2. Utando ukwanguliwe, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki, kwa maji ya bomba yaliyokaa katika ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke. Njia hii ni ya polepole, na ofisi iliyoandaa kijitabu hiki inajivunia kuisimamia mbele ya wanaotaka kioo king'ae kwa usiku mmoja.

Maelekezo haya yanahusu matangi ya nyumbani. Wafugaji wa biashara wafuate masharti ya leseni zao.

Iwapo mrututu umekwisha kutiwa, samaki wahamishiwe mara moja katika maji safi yenye joto lilelile, pampu ya hewa ikifanya kazi usiku kucha. Changarawe nayo itupwe, kwa kuwa hushika shaba na kuiachia baadaye, na maji yaliyotiwa mrututu, hata yakiwa ndoo moja, yasimwagwe katika mfereji unaoelekea mtoni au ziwani.