Somo la Marko 2:1-12: Watu Wanne na Mtoto Mgonjwa

Katika sura hii twasoma habari za mtu mwenye kupooza aliyeletwa kwa Bwana Yesu. Hakuja kwa miguu yake, wala hakubebwa na mtu mmoja. Wachukuzi walikuwa wanne. Nao walipozuiwa na wingi wa watu hawakurudi nyumbani, bali walipanda juu wakaitoboa dari. Na Bwana aliitazama imani ya wachukuzi hao. Somo hili latufaa sana tukifikiri habari za nyumba ambayo mtoto wake ameshikwa na saratani.

1. Ugonjwa wenyewe. Katika nchi zetu iko saratani moja iwapatayo watoto wadogo. Mara nyingi huanza katika taya: meno hulegea, shavu huvimba, au tumbo huvimba. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, naye alikuwa Mkristo, alimwona mtoto wa namna hiyo katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, ukaitwa kwa jina lake. Baadaye wataalamu walitambua kwamba una uhusiano na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, na malaria ya mara kwa mara. Basi si uchawi, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Wanafunzi walipomwuliza Bwana neno kama hilo kwa ajili ya kipofu (Yohana 9), aliikataa dhana yao.

2. Hatari iliyofichika. Ugonjwa huu hukua upesi mno. Lakini dawa zitiwazo katika mshipa huupunguza upesi vilevile, na watoto wengi hupona matibabu yakimalizika. Hapo ndipo penye mtego. Baada ya dawa za kwanza shavu hushuka, mtoto hucheka na kula. Mama amekaa hospitalini majuma mengi. Baba amekwisha kuuza mbuzi. Watoto wengine wako kwa bibi yao, na shamba limejaa magugu. Wazazi husema, "Mtoto amepona, twende zetu nyumbani." Tusiwahukumu. Wampenda mtoto wao, ila wamechoka, na nauli imekwisha. Lakini mabaki ya ugonjwa hayaonekani kwa macho. Nao ukirudi, ni vigumu zaidi kuuponya. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 wenye saratani hupona, bali katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Kuchelewa na kuacha matibabu ni miongoni mwa sababu zake.

3. Wachukuzi wanne. Usharika na uwatafute. Wa kwanza ni yule auonaye uvimbe na kusema, "Nendeni hospitali leo, msingoje mavuno." Wa pili hukusanya nauli, si ya kwenda mara moja tu, bali ya kila safari mpaka daktari aseme imetosha. Wa tatu hulima shamba na kuwatunza watoto waliobaki. Wa nne huketi na wazazi, huomba pamoja nao, wala hasemi maneno mengi. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku 7 walipokaa kimya. Walikosea walipoanza kueleza sababu. Tena tusifundishe kwamba maombi na dawa ni njia mbili zinazopingana.

4. Mtoto akifa. Hata akitibiwa vema, wako watoto wasiopona. Hapo wachukuzi wasikitue kitanda na kutawanyika. Mtu asiseme kwamba imani ya wazazi ilipungua. Bwana mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Basi wazazi na walie, nasi tulie pamoja nao, tukishika tumaini la ufufuo.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
(a) Kwa nini wazazi hutaka kuondoka hospitalini kabla ya wakati?
(b) Katika usharika wetu, ni nyumba ipi iliyo na mtoto mgonjwa sasa, na wachukuzi wake ni nani?
(c) Iwapo hawajafika wanne, nani atakwenda juma hili?